Kukabidhi si Kuacha

Kitenzi "kukabidhi" kina tabia moja ambayo huenda umeipita bila kuitazama: hudai yambwa mbili. Humkabidhi mtu, tena humkabidhi kitu. "Kuacha" hutosheka na yambwa moja. Mtu aweza kuacha daftari mezani akaenda zake, na sentensi ikatimia. Nimelifikiria sana jambo hili mwaka huu, kwa sababu hapa West Nile naona viongozi wengi wa kujitolea wakiacha, wachache wakikabidhi.

Chukua vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ambavyo wakazi wa Arua na Koboko wanavijua kama wajuavyo njia ya kisimani. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, miongoni mwa wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukafika kwetu kwa mradi ulioitwa, kwa Kiswahili safi, JENGA. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu wasio katika kamati, na sanduku hulala kwa mtu wa nne. Mkutano ukimalizika, mtunza kumbukumbu hutangaza salio kwa sauti, na wanachama wote hulikariri. Mkutano unaofuata huanza kwa kuwauliza walichokikariri. Baada ya miezi 9 hadi 12 akiba hugawanywa, sanduku huwa tupu, na kamati huchaguliwa upya.

Lakini uchaguzi ukifika, twawarudisha wale wale. "Nani mwingine ajuaye hesabu?" Nami sina haki ya kumnyooshea mtu kidole. Kwa mizunguko minne nilikuwa mtunza kumbukumbu wa kikundi kimoja jijini Arua. Nilipompisha kijana mmoja, wiki ya tatu alikosea kujumlisha faini. Nikainuka, nikaichukua kalamu mkononi mwake mbele ya watu 26. Kosa lilikuwa la shilingi 500. Hakuna aliyenikemea, walinishukuru! Kijana huyo hakuja tena kwa miezi miwili, na daftari likarudi kwangu kama paka. Sikuwa nimemkabidhi, nilikuwa nimemwazima.

Kwa hiyo nasema wazi, ijapokuwa wazee wenzangu watanuna: kiongozi anayeondoka asipewe cheo cha "mlezi". Arudi kwenye benchi, anunue hisa kama wengine, anyamaze mpaka aulizwe. Utaniambia kwamba fedha za watu si uwanja wa mazoezi. Kweli, mama aliyeweka akiba ya karo hapaswi kulipia mafunzo ya mtu. Ndiyo maana kufuli ni tatu na salio hukaririwa na wote: kosa la mmoja hukamatwa na kikao kizima, wala halimngoji mstaafu. Kule Zanzibar, mradi uliokuwa ukivilea vikundi vya aina hii katika eneo la Jozani ulikwisha mwaka 2002. Walimu wa vijijini wakaendelea kufundisha wenyewe, na miaka michache baadaye wanachama walikuwa wamezidi maradufu.

Koboko nimeona njia iliyo bora kuliko yangu. Kikundi kimoja huko humchagua mtunza kumbukumbu mpya miezi mitatu kabla ya mgawo. Huketi kando ya yule anayeondoka. Kalamu iko mkononi mwa mgeni, na mwenyeji amefunga mdomo. Nilimwuliza mama mmoja aliyekuwa akiondoka kama haoni uchungu. Akacheka, akasema uchungu upo, ila mgongo sasa umepumzika.

Mgawo wetu ni Desemba. Yule kijana amekwisha kurudi. Nimemwomba radhi nyumbani kwake kwa Kilugbara, kisha mbele ya kikundi kwa Kiswahili, ili na wenzetu waliotoka ng'ambo ya mpaka waelewe. Wakimchagua, mimi nitakaa benchi la nyuma, karibu na mlango.