Maua ya Plastiki ya Nini?

Sisi wanafunzi wa kutwa hurudi nyumbani kila jioni, na wengi wetu hupokewa sebuleni na maua ya plastiki yaliyojaa vumbi. Eti ni urembo! Mimi nakataa.

Kwani tumekosa mimea? Mwaka wa 1892, Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alikusanya ua dogo la zambarau kule Usambara, Tanzania ya leo. Sasa linapamba madirisha ya Ulaya. Ndugu yake humea hapa kwetu, msitu wa Mbololo, Taita, na limo hatarini. Basi tusiling'oe msituni! La Usambara hupandwa kwa jani moja tu: lichomeke kwenye udongo wenye unyevu, litaota mizizi.

Hata bafu lisisahauliwe. Makangaga hupenda unyevu. Yaweke karibu na dirisha, mvuke wa maji ya kuoga utayafaa. Hakuna pesa za chungu? Toboa kopo kuukuu chini.

Mgala muue na haki yake umpe: plastiki haiombi maji. Lakini pia haikui. Wenzangu, hebu tuanze na jani moja.