AFYA KATIKA JAMAA: Muuguzi anayefuata mtoto wa SS



Juma hili tunaongea juu ya ugonjwa ambao katika nyumba nyingi bado unatajwa kwa sauti ya chini: SS, au drepanositozi. Tunajua jamaa ambamo watoto wawili au watatu wamekwenda mmoja baada ya mwingine kabla ya kufikisha miaka mitano. Watu wakasema ni uchawi. Mamamkwe akasema ni ukoo wa mke. Kumbe ilikuwa ni damu, na kwa sehemu kubwa kuna la kufanya.

Wengi wetu tukisikia ugonjwa wa kurithi tunafikiri mara moja juu ya daktari mkubwa wa mjini. Daktari anahitajika, ndiyo. Lakini mtu atakayemwona mtoto wako mara nyingi kuliko wote, na atakayejua anavyoishi nyumbani, ni muuguzi. Kazi yake ni kubwa kuliko kudunga sindano. Tuiangalie.

Ugonjwa wenyewe ni nini

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya chembe ndogo zinazobeba hewa safi ya oksijeni. Chembe hizo ni za mviringo na laini, zinapita hata katika mishipa myembamba sana. Kwa mtoto wa SS, chembe zikikosa oksijeni zinakunjamana na kuwa ngumu, zenye umbo la mundu. Zinaziba mishipa, na hapo maumivu yanaanza: mifupa, kifua, tumbo. Tena hazidumu. Chembe ya kawaida inaishi siku 120 hivi. Ya mtoto wa SS inaishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana anakosa damu na macho yake yanageuka manjano.

Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe wala kwa kitanda. Mtoto anaupata kwa kurithi, sehemu moja kutoka kwa baba na sehemu moja kutoka kwa mama. Kinshasa, watoto wachanga 31,204 walipimwa damu katika mpango mmoja ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009. Watoto 1.4 katika kila 100 walikuwa SS, na karibu 17 katika kila 100 walikuwa AS, yaani wanabeba ugonjwa bila kuugua. Ukihesabu wamama 30 katika kikundi chako, utaona kwamba jambo hili haliko mbali.

Watu wengi kwa mtoto mmoja

Kliniki nzuri ya SS ina watu wengi. Yuko daktari wa watoto. Wako wa maabara na wa benki ya damu. Yuko kinezi, anayesaidia viungo na mifupa. Yuko mtu wa lishe. Yuko daktari wa macho, na APS anayesikiliza mzigo wa moyo. Kila mmoja anaangalia upande wake, naye mtoto ni mmoja. Mama akitoka kwa huyu na kuingia kwa yule, anarudi nyumbani na karatasi tano, na hajui ianze ipi.

Hapo ndipo muuguzi anapoingia. Yeye ndiye anayekusanya maneno ya wote na kuyaweka katika karne moja. Anakueleza kwa lugha unayoisikia. Anajua tarehe ya kurudi, anajua dawa gani imekwisha, na usipoonekana anatuma reko aje kuuliza. Kwetu ambako zoni nyingi za afya hazina kliniki kamili kama hiyo, mara nyingi muuguzi titulaire wa kituo cha afya ndiye anayeanza kushuku ugonjwa, anayeandika barua ya kumtuma mtoto hospitali, na anayempokea akirudi. Mtoto aliyetumwa bila kufuatwa anapotea njiani.

Kutambua mapema

Mtoto wa SS anazaliwa mzuri kama wengine. Miezi ya kwanza damu aliyokuja nayo kutoka tumboni bado inamlinda. Kuanzia miezi sita hivi, mikono na miguu inaweza kuvimba na kuuma, mtoto analia akishikwa. Mama akimleta CPS siku ya kupimwa uzito, muuguzi mwenye macho atauliza: je, ameshavimba vidole? Kuna mtoto mwingine katika jamaa anayetiwa damu mara kwa mara?

Kipimo cha Emmel kinachofanywa katika maabara nyingi kinaonyesha kwamba chembe zinakunjamana, lakini hakitenganishi AS na SS. Kinachotenganisha ni elektroforezi, na siku hizi kuna pia kipimo cha haraka cha tone moja la damu ya kidole, pale kinapopatikana. Kwa hiyo mama, ukiambiwa «Emmel ni pozitifu», usiishie hapo. Mwulize muuguzi: nitajua wapi kama mtoto ni AS ao SS?

Kuzuia kifo cha ghafula

Mtoto wa SS akiwa mdogo hafi hasa kwa maumivu. Anakufa kwa maambukizo, kwa malaria, na kwa kuishiwa damu ghafula. Kazi ya muuguzi ni kufunga milango hiyo mitatu.

Mlango wa kwanza: chanjo zote kwa wakati, pamoja na ile ya pneumo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku tangu miezi 2 au 3 hadi miaka 5. Muuguzi anakuonyesha kipimo cha dawa, anahesabu chupa iliyobaki, anakukumbusha kwamba unaendelea hata kama mtoto anacheza vizuri.

Mlango wa pili: chandarua kila usiku, na dawa ya kuzuia malaria kama kliniki imeagiza. Wengine wamesikia kwamba SS inakinga malaria. Si hivyo. Ni mtu wa AS ndiye anayekingwa kwa sehemu dhidi ya malaria kali. Kwa mtoto wa SS malaria ni hatari kubwa.

Mlango wa tatu ni bandama, ile ambayo hospitalini wanaita «rate». Iko upande wa kushoto, chini ya mbavu. Kwa mtoto mdogo wa SS inaweza kuvimba ghafula na kumeza damu nyingi katika saa chache. Jamaika, ambako ugonjwa huu ulifika pamoja na watu wa Afrika waliopelekwa utumwani, kliniki ya Kingston ilianza mwaka 1973 kuwafuata watoto wa SS tangu kuzaliwa. Waliona wengi wanakufa hivyo. Wakawafundisha wazazi kupapasa tumbo la mtoto kila siku, na vifo kwa sababu hiyo vilipungua sana. Hakuna mashine iliyonunuliwa. Ni mkono wa mama uliofundishwa.

Mwombe muuguzi akuonyeshe. Mtoto amelala chali, vidole vyako vinatoka chini ya tumbo la kushoto vikipanda polepole kuelekea mbavu. Ukizoea, utajua ukubwa wake wa kawaida. Siku utakapokuta imekua na mtoto amepauka, hana nguvu, hiyo si siku ya kungoja asubuhi.

Namba ya mtoto wako

Mtoto wa SS anaishi na damu kidogo kuliko wengine. Wengi wana hemoglobini ya 7 au 8 na wanacheza, wanakula, wanaenda shule. Sasa tuseme mmesafiri, mtoto ameshikwa na homa, mmeingia kituo ambacho hakimjui. Wanapima, wanaona 7, wanaogopa, wanamtia damu. Labda hakuihitaji. Damu isiyohitajika ina hatari zake, na inagharimu.

Muuguzi anayemfuata mtoto anaandika katika karne hemoglobini yake ya siku za kawaida, kundi lake la damu, na mara ngapi ametiwa damu. Hiyo ndiyo namba ya mtoto wako. Uijue kwa kichwa kama unavyojua siku yake ya kuzaliwa. Pia usimpe dawa ya chuma kwa sababu tu amepauka, mpaka wapime. Asidi foliki ndiyo anayopewa kwa kawaida.

Dawa inayobadili mambo

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Kinshasa, pamoja na Angola, Kenya na Uganda, kwa watoto zaidi ya 600 wenye miaka 1 hadi 10. Walimeza hidroksiurea kila siku. Maumivu yalipungua, malaria na maambukizo yalipungua, kutiwa damu kulipungua, na vifo pia. Dawa hii haiondoi ugonjwa, na si ya kununua sokoni na kujipimia. Daktari anaianzisha, kisha damu inapimwa kwa tarehe zilizopangwa ili kiasi kisizidi. Mwenye kushika tarehe hizo ni muuguzi. Mwulize kama inapatikana, wapi, na kwa bei gani.

Baba naye aje

Kazi nyingine ya muuguzi ni kuongea na wazazi wote wawili, kwa siri na bila kuhukumu. Baba AS na mama AS: kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto SS, mbili katika nne za AS, moja katika nne ya AA. Kila mimba inaanza hesabu upya. Kupata mtoto mmoja SS si kusema watatu wanaofuata wamepona, na si kusema wote watakuwa wagonjwa.

Hakuna mtoto wa SS ambaye ugonjwa umetoka kwa mama peke yake. Baba akimfukuza mke na kuoa mwingine ambaye naye ni AS, ataikuta hesabu ileile. Maneno haya mama akiyasema nyumbani wanaweza kumcheka. Muuguzi akiyasema mbele ya baba, na mbele ya mamamkwe ikiwezekana, yanasikika. Mwombe awaite. Ni haki yako.

Vijana wetu nao wapimwe kabla ya ndoa. Si kwa kuvunja uchumba, bali ili wajue njia wanayoiingia.

Wakati wa kukimbia

Maumivu madogo yanaanzia nyumbani: maji mengi ya kunywa, joto juu ya mahali panapouma, kamwe si barafu, na dawa ya maumivu ambayo muuguzi amekuandikia. Lakini mpeleke mtoto hospitali siku ileile, hata usiku, ukiona moja kati ya haya:

– homa ya 38.5 au zaidi;
– kupumua kwa shida au kifua kuuma;
– kupauka ghafula, au bandama kukua;
– uso kwenda upande, mkono au mguu kulegea, maneno kuharibika;
– maumivu ambayo dawa ya nyumbani haitulizi;
– kwa mvulana, uume kusimama kwa maumivu bila kushuka. Msione haya, semeni.

Kwa vikundi vyetu

Dada zangu wa Muso, kasha nyekundu iko kwa ajili ya shida kama hizi. Fikirini kutenga sehemu kwa ajili ya safari na vipimo vya watoto wa SS wa kikundi, kwa sababu tarehe nyingi zinakosekana kwa kukosa franga za njia tu. Waalikeni wauguzi wa kituo chenu saa moja, waonyeshe kupapasa bandama. Tarehe 19 Juni ni siku ya SS duniani: iwe pia siku ya kupeleka waume na wana wetu kutoa damu.

Na ukienda kwa muuguzi mara ijayo, mpelekee maswali haya matano: Mtoto wangu ni SS au AS, na kipimo gani kimesema hivyo? Hemoglobini yake ya kawaida ni ngapi? Chanjo gani inakosekana? Nikipata shida usiku niende wapi, nipige namba gani? Na lini wewe na mimi na baba yake tutaketi pamoja?

Muuguzi mwema hachoki na maswali. Ndiyo yanayomwambia kwamba mtoto huyu ana mama anayemsimamia.

Juma lijalo tutaongea juu ya chakula cha mtoto anayeanza kuacha ziwa. Mbaki na amani.