Tuwaulize Wazee Wangali Hai

Hapa Kinsevere, kilometa 30 hivi kaskazini ya Lubumbashi, jamaa hukusanyika hasa penye matanga. Twaenda, twalia, twala, twarudi. Na jina la mama yake bibi hatulijui. Mwaka mmoja tuliahirisha kumwuliza mjomba wetu mzee. Tuliporudi na daftari, tulikuta kaburi.

Basi aliye mkongwe kupita wote aulizwe kwanza, asubuhi, kabla ya pombe. Aanze upande wa mama, kwa maana kwa Walamba ukoo hufuata mama. Anayeandika mababa tu ameandika nusu, tena iliyo ndogo. Kila jina liulizwe mara mbili: mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo, hata Yosefu wa kitabu cha ubatizo huenda akawa na jina jingine katika karatasi za serikali. Ikiwa babu alikuwa mtu wa Union Minière, iulizwe alikotoka, maana kampuni hiyo, iliyoundwa mwaka 1906, ilileta watu wa Kasai, Rodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi.

Wazee wakibishana, tusiwaamue. Tuandike maneno ya wote wawili, na jina la kila msemaji kando yake.