Mbwa Mwenye Upele Asiuawe

Katika vijiji vyetu vya Dodoma, tangu Bahi mpaka Kongwa na Mpwapwa, mbwa si pambo la nyumba. Mchana hufuatana na watoto malishoni. Usiku hulala karibu na zizi, naye akisikia fisi hubweka na kuwaamsha wenyewe. Lakini apatapo upele, manyoya yakanyonyoka na ngozi ikawa ngumu yenye kunuka, hufukuzwa kwa mawe. Wengine humwua kabisa wakisema ana kichaa. Basi juma hili tuseme habari za ugonjwa huo, maana unapona.

Kisa chake ni mdudu wa jamaa ya utitiri, asiyefika hata nusu milimita. Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Mwaka 1687 Waitalia wawili, Bonomo na Cestoni, walimtazama mdudu wa namna hiyo kwa hadubini katika upele wa watu, wakaonyesha kwamba ndiye aletaye ugonjwa.

Upele huanza kwenye ncha za masikio, viwiko na tumbo. Mbwa hujikuna usiku na mchana, hukonda, tena huwaambukiza wenzake walalao naye. Mtoto ambebaye huweza kuwashwa mikononi na tumboni. Wadudu hao hawakai sana katika mwili wa mtu. Mbwa akipona, mtoto naye hupona. Lakini kama nyumba nzima yawashwa, hasa usiku, nendeni zahanati, maana huenda ni upele wa watu.

Huu si kichaa. Mbwa mwenye kichaa hageuki ngozi, hugeuka tabia: huuma bila sababu, hutokwa na mate, hupepesuka, taya hulegea. Mtu akiumwa na mbwa wa namna hiyo, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile.

Sasa tuseme dawa. Wengi humpaka mbwa oili chafu ya gari, au mafuta ya taa, au dawa ya kuogeshea ng'ombe waliyoichanganya kwa kukisia. Hayo ni hatari. Mbwa hujilamba, na alambacho hukimeza. Huweza kufa kwa sumu kabla upele haujaisha.

Yafaa kumwita bwana mifugo. Baadhi yao wamefunzwa hapa hapa kwetu, katika chuo cha mifugo cha Mpwapwa, mji ambako utafiti wa mifugo ulianza mwaka 1905. Yeye ataangalia kwanza kama ni upele kweli, maana viroboto na choa pia hunyonyoa manyoya. Dawa itumikayo sana ni ivermektini. Asili yake ni kijidudu kilichopatikana katika udongo wa Japani, na Satoshi Omura na William Campbell walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2015. Ndiyo dawa wanayopewa pia watu wa Tanzania kuzuia matende na usubi. Lakini sindano ya ng'ombe ni kali: mbwa wa kilo 10 hutoshwa na sehemu ndogo tu ya mililita moja. Kwa hiyo asidungwe na kila mtu.

Angalieni mambo matatu. Kwanza, mbwa wote wa nyumba watibiwe siku moja, hata wasiojikuna. La sivyo wataambukizana tena. Pili, dawa irudiwe kama bwana mifugo atakavyoagiza, kwa kawaida baada ya majuma mawili, maana mayai huanguliwa nyuma ya sindano ya kwanza. Tatu, magunia alaliayo yachomwe moto, na mahali pake pafagiwe. Tena asile ugali mtupu. Apate mifupa yenye nyama au dagaa, ili ngozi ipate nguvu.

Siku hiyo hiyo ombeni na chanjo ya kichaa, kwa kila mbwa aliyetimiza miezi mitatu, nayo irudiwe kila mwaka.

Mtu atasema gharama ni kubwa kwa ajili ya mbwa. Na ahesabu basi: mbuzi mmoja aliyechukuliwa na fisi usiku angeuzwa kwa shilingi ngapi?