MBWA AKIBWEKA WENU, AKING'ATA WA NANI?

Huku kwetu Lushoto baridi imeshabisha hodi, makoti ya mitumba yametoka kwenye masanduku, na mwandishi wenu naandika miguu nimeiviringisha blanketi. Wiki hii siongelei mapenzi. Najua kuna wale wanaofungua ukurasa huu kutafuta nani kamwacha nani, basi leo mnivumilie, maana kuna ishu imenikaa kooni na nisipoitema itanipalia.

Ishu yenyewe ni hii: paka na mbwa wa nyumbani, waachwe watoke nje wakazurure au wafungiwe?

Usicheke. Hata pale kijiweni kwetu ilianza kwa kicheko. Kuna sista mmoja wa Dar kahamia huku, kapanga nyumba nzuri upande wa kwendea Irente, ana kazi ya maana, na ana paka. Paka mwenyewe mweupe, manyoya kama sufi, hakanyagi nje hata siku moja. Ana kitanda chake, ana sahani mbili, na haja zake anamalizia kwenye beseni la mchanga. Fundi bomba aliyekwenda kufanya kazi kule ndiye aliyetuletea habari, na kwa siku tatu nzima hatukuongea kingine. Mmoja akasema huyo paka ni mfungwa. Mwingine akamjibu, "Mfungwa gani anakula samaki kila siku? We uliye huru umekula nini leo?" Jamaa akanyamaza, maana kweli alikuwa na kikombe cha chai ya rangi mkononi, na cha kukopa.

Nikaona nilipeleke suala kwa bibi yangu, maana nyumbani kwake paka hawajawahi kukosekana. Bibi hakufikiri mara mbili. "Mjukuu wangu, hujui habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka?" Ni hadithi ya Mtume ambayo kila aliyekaa madrasa anaijua: mwanamke alimfungia paka, hakumpa chakula wala hakumwachia akajitafutie wadudu wa ardhini, mpaka paka akafa. Bibi akaona kamaliza kesi. Lakini mimi, pamoja na fomu foo yangu hii hii, nikaisikiliza vizuri. Kosa la yule mwanamke lilikuwa kufunga na kunyima. Anayefunga na kulisha, kama sista wa Irente, hayumo kwenye kesi hiyo. Nilipomwambia bibi hivyo akanitazama juu mpaka chini, akasema ndiyo maana sipati mchumba.

Sasa tuongee ukweli wa huku milimani. Paka wa Lushoto hafugwi kwa mapozi. Ana kazi. Mahindi yako darini, panya wako darini, na wewe umelala chini yao. Paka asiyeruhusiwa kuzunguka dari, jiko na ghala ni sawa na mlinzi uliyemfungia chooni halafu unategemea asubuhi akupe ripoti.

Na panya kwetu si mchezo, jamani. Vijana wenzangu wengi hawajui, lakini wazazi wetu wakisikia neno tauni wanashuka sauti. Ugonjwa huu uliingia wilaya ya Lushoto mwaka 1980, na kwa zaidi ya miaka 20 ukawa unapotea na kurudi. Walioumwa walipita 7,000 na waliokufa walipita 600, wengi wao akina mama na watoto. Vimelea vinakaa kwa panya, viroboto vinavibeba. Panya akifa, kiroboto hakai kumlilia, anatafuta mwili mwingine wenye joto, na mwili huo unaweza kuwa wa mtoto aliyelala kwenye mkeka chini ya dari hilo hilo.

Hapo ndipo hesabu ya paka inapogeuka. Paka anayekula panya mwenye tauni anaweza kuugua mwenyewe, na Marekani kuna watu walioambukizwa na paka wao. Mbwa yeye kwa kawaida haugui sana, ila anakutana nayo. Wataalamu waliowapima damu mbwa wa Lushoto, utafiti uliochapishwa mwaka 1993, walikuta alama kwamba wapo ambao mwili wao ulishapambana na vimelea hivyo. Maana yake mbwa alizurura, akanusa mashimo ya panya, akarudi nyumbani na viroboto vyake, akajinyoosha mlangoni kwako kama hakuna kilichotokea. Tauni ilitulia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo ukiiwahi inatibika. Lakini usinambie eti mnyama kutoka nje ni jambo lake na Mungu wake. Anachokwenda kukanyaga huko, anakuletea ndani.

Kuna na la ndege. Hapa najua kijiweni watanizomea, ila naliandika hivyo hivyo. Huko Magamba msituni kuna kidege cha rangi ya udongo, kidogo, hakina makeke, wataalamu wanakiita Sheppardia montana. Duniani kote kinapatikana Usambara Magharibi tu, basi. Na mlo wake kinautafuta karibu na ardhi, pale pale paka anapopapenda. Yuko pia kinyonga wa pembe mbili, naye ni wa Usambara Magharibi peke yake. Sisi tunamkimbia kwa ushirikina wetu, lakini paka haamini ushirikina. Wenzetu Australia hawachezi: Canberra, mji mkuu wao, paka aliyezaliwa kuanzia Julai 2022 haruhusiwi kuzurura nje ya kwao. Sisemi tufike huko, nani atamkagua paka wa Mlalo cheti cha kuzaliwa? Nasema tu kwamba kama nyumba yako imepakana na msitu, paka wako anaweza kuwa anatafuna kitu ambacho watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kukitazama.

Haya, tuje kwa mbwa, maana hapo ndipo penye kidonda.

Kwa nyumba nyingi za huku, mbwa kulala ndani si mjadala. Mate yake ni najisi, chombo akikilamba ni kuosha mara saba, moja kwa udongo, sasa nani atakuwa na muda huo? Mbwa ni wa nje. Utaratibu wa wazee ulikuwa mzuri tu: mchana mbwa yuko bandani au kafungwa, usiku anafunguliwa akalinde. Msimu wa mahindi anakwenda shamba na mwenyewe kufukuza ngedere na nguruwe pori. Hana muda wa kuzurura, ni mtu wa zamu.

Siku hizi utaratibu huo umekufa. Mbwa yuko nje mchana, usiku, Jumamosi, Jumapili. Utamkuta sokoni, utamkuta buchani, utamkuta kwenye kona za barabara ya Mombo anapishana na bodaboda. Ukiuliza wa nani, kila mtu anatazama pembeni.

Kuna jirani yetu, jina tuliache, ana mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililokatika, anaitwa Mtasema. Jina hilo halikutoka hewani. Kampa ili akimwita jioni wabaya wake wasikie. "Mtasema! Mtasemaaa! Njoo ule!" Mtaa mzima tunasikia, na wanaohusika wanajijua. Wezi walipojaribu kuingia kwake mwaka jana, Mtasema akawatoa mbio, na bwana huyo akajisifu wiki nzima kwamba mbwa wake ana akili kuliko watoto wa watu fulani.

Juzi mtoto wa darasa la tatu katumwa dukani kiberiti. Mtasema kamrukia, kamng'ata paja. Damu, kelele, watu wakajaa. Mmoja kaleta pilipili apake kwenye kidonda, mwingine kaleta mafuta ya taa. Bahati alikuwepo mwalimu mmoja, akawafukuza wote, akamkalisha mtoto kwenye bomba na kukiosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano nzima, mtoto analia, yeye anaosha tu. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza, wapenzi, ishikeni hata kama mengine ya leo mtayasahau. Sabuni na maji, dakika 15, halafu mbio hospitali kutafuta chanjo.

Mama wa mtoto akaenda kwa jirani. Na yule bwana, aliyekuwa akiita kila jioni mpaka ng'ambo ya bonde wanasikia, akasimama mlangoni na kusema, "Mama, yule mbwa si wangu. Huwa anakuja tu kula makombo."

Nilikuwepo, nimesikia kwa masikio yangu haya mawili.

Mama wa watu ni muuza karoti. Alipokwenda kwanza dawa haikuwepo, akaelekezwa kwingine. Nauli, siku ya kazi imekufa, na sindano zenyewe si moja, unarudi tena na tena kwa tarehe ulizoandikiwa. Huwezi kusema ngoja niuze karoti kwanza. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, mtu akianza kuogopa maji, hapo karibu hakuna anayepona. Dunia nzima inakadiriwa watu 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na katika kila watu 100 wanaoupata, 99 wameupata kwa mbwa. Na watoto ni wengi miongoni mwao, kwa sababu mtoto ndiye anayetumwa kiberiti.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ya tatizo hili inajulikana. Ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba walichanja mbwa mpaka ukaisha, ukaletwa tena mwaka 2016, wakachanja tena, kufika 2018 ukaisha tena. Pemba hiyo hiyo, siyo Ulaya. Na faida haiishii kwa binadamu. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walikufa kwa distempa, kiasi cha theluthi moja ya simba wote wa kule, na mbwa wa vijijini ndio waliotajwa kuwa chanzo. Simba, mfalme wa pori, kaangushwa na ugonjwa wa mbwa asiye na chanjo!

Wapo wanaosema dawa ni risasi, mbwa wote wanaozurura wapigwe. Mimi hapana. Kwanza ni ukatili, na tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Pili haisaidii, kwa sababu unaweza kuua aliyechanjwa ukamwacha asiyechanjwa, na baada ya miezi michache vichanga vingine vimejaa mtaani. Wapo na wanaosema fungeni mbwa wote mnyororo saa ishirini na nne. Hapo pia mimi hapana. Mbwa wa mnyororo mchana na usiku anakuwa mkali kama pilipili kichaa, siku mnyororo ukikatika utamtafuta wa kumlaumu.

Kwa hiyo mkinibana, jibu langu ni hili. Paka wa sista wa Irente abaki ndani, ale samaki wake, haimhusu mtu. Paka wa bibi yangu atoke, ila apewe shibe, adhibitiwe viroboto, na mtu asitege sumu ya panya nyumba yenye paka, maana panya aliyekula sumu akiliwa na paka mnakosa wote wawili. Mbwa arudi kwenye zamu ya wazee, mchana bandani lenye kivuli na maji, usiku kazini ndani ya ua. Akitoka mchana, atoke na mtu. Na kabla ya yote hayo achanjwe, kadi iwekwe ndani pamoja na vyeti vya watoto.

Sasa kimbembe. Mama wa mtoto kapeleka shauri kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti akaita kikao Jumapili, watu tukajaa, na jirani yetu naye akaja, kakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Mwenyekiti hakutaka ugomvi. Akasema jambo moja tu: bwana mifugo atakuja kuchanja, hivyo kila mwenye mbwa ajiandikishe jina lake na idadi ya mbwa wake, na kuanzia hapo mbwa aliyeandikwa akimng'ata mtu, mwenyewe ndiye mlipaji wa nauli na matibabu.

Daftari likaanza kuzunguka. Watu mnaowajua, wenye mageti yaliyoandikwa MBWA MKALI kwa rangi nyekundu, wanalipokea, wanalitazama kama hawajui kusoma, wanampa wa pembeni. Likamfikia jirani yetu. Akakohoa, akaliangalia, akampa mtoto wa mtu aliyekuwa amesimama mlangoni. Mtoto akalirudisha mbele.

Mwenyekiti akasoma matokeo: kitongoji kizima kina mbwa wanne. Wawili wa mwalimu, mmoja wa muuza duka, mmoja wa mzee wa msikitini anayelinda shamba lake la kabichi.

Usiku ule ule kukapita kitu huko bondeni, sijui kicheche sijui mlevi, mbwa wakaamka. Nikaanza kuhesabu milio nikiwa kitandani. Nilifika wa kumi na saba, ukiacha Mtasema, ambaye huyo simhesabu maana sauti yake naijua, halafu usingizi ukanichukua.