Na Rebmann je?

Ndugu mwandishi, asante kwa makala yako, ila kwa mmisionari Krapf umetuvusha haraka mno. Julai 1844 mkewe Rosine alikufa Mombasa kwa homa, kichanga chao kikafuata siku chache baadaye, na Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Unasifu barua yake kwa wakubwa wa CMS, chama cha misheni kilichomtuma, kwamba kaburi la Rosine ni dalili kazi imeanza. Sawa, lakini barua za kwenda ofisini huwa na ushujaa wake. Mimi tumaini lake naliona zaidi pale aliporejea kazi ya kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili.

Na Rebmann je? Kanisani kwetu mmisionari huyu, mwenzake Krapf, hatajwi kabisa. Alifika 1846, akaondoka 1875: kafiwa na mkewe Emma, macho yamepofuka, na waumini wa Rabai, kituo chao cha misheni, bado wa kuhesabika. Shemeji yangu naye anahudumu ng'ambo kama wao. Akisema amechoka, watu humrushia aya za Biblia kwenye WhatsApp, na "Mungu ni mwema" juu yake. Nilipomsimulia habari za Rebmann aliuliza maswali mpaka salio likaisha. Siku ya pili akapiga tena, anataka habari zaidi.