Vipimo, si kejeli, ndivyo vitakavyotegua kitendawili cha mianga angani

WAHENGA walisema kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa mwanasayansi, hata hivyo, lisemwalo ni mwanzo wa kazi wala si mwisho wake.

Hilo limedhihirika katika bonde la Hessdalen nchini Norway, ambako kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 1981 wakazi waliona mianga isiyoelezeka. Baadhi ilielea mahali pamoja kwa muda mrefu, mingine ikapita kwa kasi ya kushangaza.

Ingekuwa rahisi kuwapuuza wanakijiji hao na kuwaita wazushi. Badala yake, mwaka wa 1983 kundi la watafiti, akiwemo Erling Strand, lilianzisha Mradi wa Hessdalen. Kati ya Januari 21 na Februari 26, 1984, walipiga kambi katika baridi kali wakiwa na rada, kamera na vyombo vya kupima nguvu za sumaku na mitetemo ya ardhi. Walinakili matukio 53 ya mianga. Mwaka wa 1998, kituo kinachojiendesha chenyewe kiliwekwa bondeni humo.

Hadi leo kitendawili hakijateguliwa chote. Wapo wachunguzi waliohusisha baadhi ya mianga na taa za magari na ndege; mingine ingali fumbo. Angalau sasa mjadala unahusu vipimo, wala si heshima ya shahidi.

Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilifikia msimamo kama huo Septemba 2023. Jopo lake la wataalamu 16, likiongozwa na David Spergel, halikupata ithibati kwamba matukio hayo yanatokana na viumbe wa sayari nyingine. Lililalamikia uhaba wa data za kuaminika.

Jopo hilo lilichunguza video iliyonaswa na ndege ya jeshi la majini mwaka wa 2015, ambamo kitu kinaonekana kikiteleza juu ya bahari kwa kasi kubwa. Hesabu zilionyesha kuwa kilikuwa kwenye kimo cha takriban mita 4,000, kikisafiri kwa kilomita 64 hivi kwa saa, kasi ambayo upepo wa kimo hicho unaweza kuifikia. Mwendo wa ndege yenyewe ndio uliokifanya kionekane kama mshale.

Walioshuhudia hawakusema uongo. Walichokosa ni kipimo cha umbali.

Hatari iliyopo ni kejeli. Jopo lilionya kuwa hofu ya kudharauliwa huwazuia marubani kuripoti. Rubani anaponyamaza, puto au droni aliyokaribia kugongana nayo hubaki njiani ikimsubiri mwenzake.

Kwa hivyo, wenye mamlaka wanapaswa kumsikiliza shahidi kwanza, kisha wapeleke vyombo pale alipoelekeza kidole. Akipatikana na kosa, vipimo vitamsahihisha bila kumdhalilisha.